Mgongo wa Lebo

Kitendawili! Itikeni, hata nyinyi mliokaa nyuma mkajifanya wakubwa. Haya: uso wake huchekea kila mtu, mgongo wake humjua mmoja tu.

Msikimbilie kunipa mji. Miji nimepewa mingi na hata mmoja sijaliona lango lake. Tulieni. Jibu lilikuwa juu ya meza ya fundi, saa tano asubuhi, na fundi mwenyewe alikuwa chini ya meza hiyo, amekufa.

Alilala kifudifudi kati ya kiti na ukuta, mkono mmoja ameunyoosha kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Kisogoni alikuwa na jeraha moja, baya. Kando yake ilianguka pasi ya mkaa, ile kongwe ya chuma ambayo siku hizi hakuna anayeitia mkaa. Fundi aliitumia kukandamizia kazi zake zikauke zikiwa zimenyooka. Sasa ilikuwa na damu kwenye ncha.

Inspekta alisimama mlangoni, glavu mkononi, hajaingia.

Koplo, mtu mnene mwenye mdomo usiojua likizo, alimwona akanyamaza. Alishamzoea. Kila walipoitwa penye maiti, Inspekta kwanza aliipima urefu kwa macho, tangu kichwani hadi unyayoni. Ndipo alipumua. Ndipo aliuliza jina.

"Mwanamume, afande," Koplo alinong'ona. "Mfupi."

"Naona."

Miaka ishirini na miwili nyuma, dada yake Inspekta, binti wa miaka kumi na miwili, mrefu hata wenzake wakamwita Twiga, alitoka nyumbani mchana kweupe na kaseti ya gemu mkononi. Alisema anakwenda kubadilishana na mwenzake. Alimwomba mdogo wake amsindikize. Mdogo mtu alikuwa amenuna kwa kushindwa mchezo, akamwambia, "Nenda mwenyewe!"

Akaenda mwenyewe. Hakurudi.

Yule binti mdogo aliyenuna ndiye Inspekta huyu. Na kila alasiri, hadi leo, mama yao huketi kibarazani akitazama njia. Akimwona kitinda mimba wake anarudi kazini, humuuliza swali lile lile la siku ile: "Mwenzio yuko wapi?" Majambazi wenye silaha humjibu Inspekta wakitetemeka. Mama yake yeye hajawahi kumjibu.

Alijiunga na polisi ili amtafute dada yake. Hilo watu walilijua. Wasilolijua ni kwamba aliogopa kumpata.

"Nani aliyemkuta?" aliuliza akivaa glavu.

"Huyu hapa, anatetemeka kama bati kwenye upepo."

Alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, shati limelowa jasho mgongoni. Mtaani walimwita Bwana Kabati, kwa kuwa nyumbani kwake alikuwa na kabati zima la kaseti za gemu za zamani. Zile nene za plastiki, ukubwa wa kiganja, zinazochomekwa kwenye mashine na mashine ikaungwa na televisheni. Watoto waliozichezea sasa wana vipara, na bado wanazililia.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa tano kasoro. Nilifuata kaseti yangu."

"Uligusa nini?"

"Mlango. Na... na kaseti yangu."

"Mtu amekufa sakafuni, wewe ukachukua kaseti?"

"Nilikuwa sijamwona, afande! Wallahi sikumwona! Niliiona kaseti, nikaichukua, ndipo nikaona kiatu. Kisha nikaona kiatu kina mguu."

Koplo aligeuka ukutani akakohoa. Kicheko cha penye maiti ni dhambi, lakini huja.

"Mlikuwa na ugomvi na fundi?"

"Mwaka jana. Nilimwambia anichapie lebo mpya zing'ae. Akakataa. Akasema, 'Uzee si ugonjwa, mimi nagundisha tu.' Nikamwita mkaidi. Basi, ndio ugomvi wenyewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya marehemu, na ndiyo maana walimwita Fundi Gundi. Lebo za kaseti hizo, yale makaratasi ya picha yaliyobandikwa usoni, yakizeeka hubanduka pembe, yakajikunja kama jani kavu. Yeye aliyarudisha. Alipasha lebo moto kwa kikausha nywele mpaka gundi ya zamani ilainike. Akaiinua kwa wembe, polepole, kama anayemvua mtoto aliyelala. Akasafisha plastiki kwa spiriti. Akapaka gundi nyembamba kwa kijiti cha meno, akalaza, akafunika kwa kitambaa, akaweka pasi juu. Siku nzima haiguswi.

Mke wa fundi alikaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nguo alizokuwa akifua zilibaki kwenye beseni, povu limeshakufa.

Inspekta alichuchumaa mbele yake. "Pole sana, mama."

"Niulize tu, mwanangu. Nikinyamaza nitasikia vibaya zaidi."

"Ulisikia nini asubuhi?"

"Bomba lilikuwa wazi, maji yanapiga kelele. Nilisikia mtu ameingia. Mume wangu akacheka. Akamuuliza, 'Kaseti hii uliitoa wapi?'"

"Akajibiwa nini?"

"Sikusikia jibu. Kilianguka kitu. Nikasema labda pasi, maana huiangusha mara kwa mara. Kisha nikasikia kile kikausha nywele kinalia. Nikatulia. Nikajua anafanya kazi." Akashika kinywa. "Kumbe si yeye. Mwanangu, mimi nilikuwa nafua huku, na muuaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha mume wangu anatumia vyombo vyake!"

Inspekta alijiuliza. Mwizi hukimbia. Muuaji hukimbia. Ni mtu gani anayeua, kisha akakaa kitako akabandika lebo?

"Kuna kingine cha leo ambacho si cha kawaida?"

"Alibandika karatasi dirishani. Ni mtindo wake. Watoto wa zamani waliandika majina yao chini ya lebo, wakazirudishia kwa uji wa unga. Ndiyo maana zinabanduka leo. Basi akikuta jina, huliandika karatasini akaliweka kwenye kioo, mwenyewe akipita aone. Wazee wazima huja hapa wakalia, kwa jina tu la utotoni."

"Ya leo iliandikwa jina gani?"

"Sikuisoma. Nilisema nikimaliza kufua."

Walikwenda dirishani. Karatasi haikuwapo. Kwenye kioo palibaki madoa manne ya gundi. Koplo aligusa moja kwa ncha ya glavu, likavutika uzi.

"Bichi," alisema. Hakutania.

Mezani palikuwa na sanduku la kaseti kumi na mbili, na stakabadhi juu yake kwa mwandiko wa mke wa fundi: *Kaseti kumi na mbili. Injinia.*

Bega la Inspekta lilishuka kwa nafuu. "Huyu namjua. Ni mjomba wangu."

Alikuwa mjomba wake wa damu, mdogo wake mama. Injinia hakuwa amesomea uinjinia wowote. Jina alipewa kwa kutengeneza redio na pasi za watu, akalipenda kuliko lile la kuzaliwa. Zamani alikuwa na chumba cha gemu upande wa barabarani wa nyumba ya mama yake Inspekta. Watoto wa mtaa mzima walicheza humo. Twiga alipopotea alikifunga chumba, akasema hawezi tena kusikia kelele za watoto. Watu wakamsifu kwa huruma yake.

Inspekta alimpigia simu papo hapo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Kitinda. Mbona sauti ya kikazi?"

"Fundi Gundi amefariki. Ameuawa. Kaseti zako tumezikuta, zitakaa kwetu kidogo."

"Masikini. Masikini mtu wa watu." Halafu: "Zote kumi na mbili?"

"Zote. Ulipita kwake leo?"

"Mimi? Hapana. Nilikuwa niende kesho. Niko hapa kwa mama yako, nakanda saruji. Kibaraza chake kimeota ufa tena, namzibia."

Sauti ya mama ilisikika kwa mbali. "Mwambie na mimi nataka kivunjwe, kijengwe kingine! Kila mwaka viraka!"

"Kivunjwe cha nini, dada," Injinia alimjibu akicheka. "Kazi ya mkono wangu hiyo."

Inspekta alikata simu. Alitabasamu kidogo, tabasamu likamfia mdomoni bila kujua kwa nini. Zote kumi na mbili? Mtu ameambiwa habari ya kifo, akahesabu kaseti.

Alijikemea. Huyo ni mjomba, amekulea, alikununulia viatu vya shule.

"Afande," Bwana Kabati aliita toka mlangoni, mkono ameunyoosha kama mwanafunzi. "Naweza kusema neno? Nisikamatwe?"

"Sema."

"Hiyo ya panya. Ya tatu. Hiyo hakuibandika fundi."

Ilikuwa kaseti ya Panya wa Mwezini, panya mwenye kofia ya chuma amepanda roketi. Mchezo wa kila nyumba enzi zile. Injinia mwenyewe alikuwa nazo nne sandukuni.

"Umejuaje?"

"Gundi imefurika pembeni. Fundi alikuwa akitumia tone, huyu amemimina chupa. Halafu haijawekewa pasi. Mtu wa kazi hii hawezi kufanya hivyo, afande. Bora amwibie mtu mke."

"Na kama ni wewe uliyeua?" Koplo alimuuliza.

"Ningekuwa mimi niliyeua, ningebandika vizuri."

Inspekta alimwambia akae kwenye kivuli, anywe maji. Mtu huyo hakuwa muuaji. Woga wake ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa safi.

"Tuibandue," alisema.

Mke wa fundi alikataa mtu mwingine yeyote kushika vyombo. Alifuta mikono kwenye kanga, akavalishwa glavu, akakaa kwenye kiti cha mumewe. Koplo alipiga picha kila hatua. Kikausha nywele kililia. Mama yule alifumba macho kwa sauti hiyo, akayafumbua, akainua pembe kwa wembe. Mkono wake haukutikisika.

Chini ya lebo, plastiki ilikuwa nyeupe safi, inanuka spiriti.

"Kimefutwa," Koplo alisema. "Kilichokuwapo kimefutwa. Tumechelewa."

"Subiri, baba." Mke wa fundi aliigeuza lebo chali kwenye kitambaa. "Plastiki husafishwa. Mgongo wa lebo hausafishwi, spiriti itatoboa karatasi. Wino wa kalamu ukilala na gundi miaka mingi, huhama. Mume wangu alikuwa akisema, uso wa mbele ni wa duka, mgongo ni wa mwenyewe."

Haya, wa nyuma, mmekipata kitendawili? Mmekipata pamoja na Inspekta, basi, na pole zenu kama zake.

Kwenye gundi ya zamani, ya manjano, kulikuwa na mistari ya bluu, herufi za kitoto zilizopinduka kinyume. Na pembeni, kwenye gundi mpya iliyoanza kuganda, kulikuwa na alama ya dole gumba, imejichora wazi kama muhuri.

"Kioo," Inspekta alisema.

Koplo aliangua ukutani kile kioo kidogo ambacho marehemu alinyolea ndevu. Alikishika juu ya lebo, akasoma kwa sauti, akivuta maneno:

"'Hii ni ya Twiga na Kitinda. Mwizi tumbo limuume.'" Akacheka. "Watoto! Sasa Kitinda ndiye nani?"



Inspekta alikuwa ameushika ubao wa meza. Neno la tumbo lilikuwa lake. Alikuwa na miaka minane, magoti yamemchubuka, amelala kifudifudi sakafuni, na dada yake ameshika kalamu akimuuliza, "Mwizi tumfanye nini?" Naye akasema, "Tumbo limuume!" Wakacheka mpaka wakaziba midomo kwa mto, maana ilikuwa siri. Watoto wote waliandika chini ya lebo kwa siri, wakimkwepa mtu mmoja. Kwa sababu kaseti ikisahaulika kwenye chumba cha gemu, mwenye chumba alisema ni yake.

Mjomba hakujua kuna majina. Ndiyo sababu alithubutu kulipeleka sanduku. Kaseti ya panya kati ya kaseti za panya, nani angeijua?

Na hii ndiyo aliyotoka nayo Twiga. Hawakuwa na nyingine.

"Afande? Umesawijika uso."

Angeweza kunyamaza. Fikirini. Lebo moja, karatasi ukubwa wa kiganja, na kopo la spiriti liko pale pale. Mama yake angebaki na ndugu wa kumnywesha chai. Na yeye angebaki na matumaini, yale mabaya, ambayo humfanya mtu apime maiti za watu.

"Kitinda ni mimi," alisema.

Koplo alikishusha kioo.

"Na Twiga ni..."

"Ndiye. Funga kielelezo. Andika kwenye mfuko: lebo, alama ya dole gumba, gundi bichi. Mpigie Mkuu wa kituo, umwambie mtuhumiwa ni ndugu yangu na kuanzia sasa mahojiano ni yako. Mimi nitakuwa shahidi tu."

"Unaweza kubaki hapa."

"Yuko na mama yangu, Koplo. Amekaa naye sasa hivi."

Hawakupiga king'ora. Njia nzima Inspekta alitazama mikono yake mapajani, akahesabu. Alasiri ngapi katika miaka ishirini na miwili? Chai ngapi? Mara ngapi mjomba alimshika mama mkono akamwambia, "Atarudi, dada, usikate tamaa"?

Waliwakuta kibarazani. Mama ameketi pale pale pake, kanga magotini, miguu haifiki chini vizuri. Injinia amechuchumaa pembeni na mwiko wa kuashia, anasawazisha saruji kwenye ufa. Aliinua uso akatabasamu.

"Karibuni, karibuni. Dada, wageni wako na njaa zao."

Inspekta hakuangalia uso. Aliangalia vidole. Kwenye kucha za mkono wa kulia, chini ya vumbi la saruji, kulikuwa na ngozi nyembamba inayong'aa, imebanduka pembe. Gundi iliyokauka.

Mama alifungua mdomo aulize swali lake la kila siku. Akamwona Koplo na pingu, akalimeza.

"Mzee," Koplo alisema, na Inspekta hakuwahi kumsikia na sauti ile, "unahojiwa kuhusu kifo cha Fundi Gundi. Huna lazima ya kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa nini? Kitinda, huyu anatania?"

"Mjibu, mjomba. Mimi siulizi."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?" Koplo aliuliza.

"Hapa."

Mama aligeuka taratibu. "Ulikuja saa tano. Ukaniambia ulipitia kununua saruji."

"Ndiyo. Saruji. Nilisahau."

"Mkononi una nini, mzee?"

"Saruji."

"Saruji haibanduki kama ngozi ya kitunguu. Nyoosha dole gumba."

Hakulinyoosha. Alilikunja ndani ya ngumi, kama mtoto anayeficha peremende.

"Tuna alama yake," Koplo alisema. "Iko kwenye gundi, chini ya panya. Ulifuta plastiki, ukasahau mgongo wa lebo. Mgongo umesomeka."

"Umesomeka nini?"

Inspekta ndiye aliyesema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, sauti ya miaka minane. "Mwizi tumbo limuume."

Mwiko ulimponyoka Injinia. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, miguu ameinyoosha.

"Alikuwa anacheka," alisema. "Fundi. Alidhani ananipa habari njema. 'Mzee, kaseti hii uliitoa wapi? Kuna mtoto anaitwa Twiga, tumtafute!' Na jina liko dirishani, kila mpita njia anasoma. Nilimwambia alitoe. Akauliza kwa nini. Akauliza tu, kwa upole. Pasi ilikuwa karibu."

"Kwa nini hukuichukua kaseti ukaondoka?"

"Zimeandikwa kumi na mbili. Mkikuta kumi na moja mngeuliza ya kumi na mbili iko wapi. Nikasema niifute, nibandike, iwe kama zilivyo nyingine. Mimi ni fundi pia." Alitazama mikono yake. "Ilikuwa inatetemeka."

Mama hakuwa amesogea. "Twiga," alisema. "Mmesema Twiga."

Ndege mmoja alikwaruza bati la paa, akaruka.

"Endelea, mzee," Koplo alisema. "Siku ile."

"Siku ile nilikuwa nimefunga chumba. Mteja hakuwapo. Aliingia kwa dirisha, alitaka kuijaribu kaseti kabla ya kubadilishana. Akawasha televisheni." Alimgeukia dada yake. "Ule waya wa umeme uliochunika, dada. Uliniambia niufunge. Uliniambia mara tatu. Nikakwambia mimi ndiye injinia, waya huo hauna neno. Nilipoingia alikuwa ameshapoa. Nilimwita. Nilimpulizia. Nilimsugua miguu. Sikumfanya ubaya, dada, naapa, nilichelewa tu."

"Ungeniita," mama alisema. "Nilikuwa jikoni."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Polisi?"

"Nilikuogopa wewe. Niliogopa utakavyonitazama. Nikasema nipate saa moja tu ya kufikiri. Saa ikawa siku. Mkatoka wote kumtafuta, mtaa mzima. Nikasema mimi nibaki, mtoto akirudi asikute nyumba imefungwa."

Inspekta aliikumbuka siku hiyo. Aliikumbuka jioni yake: miguu imemvimba kwa kuzunguka, amebebwa mgongoni na jirani, na kufika nyumbani wakamkuta mjomba amelowa jasho, amejaa saruji mpaka nyusi. Msingi ulikuwa umeshachimbwa tangu wiki iliyopita, nafasi ya kibaraza, umekaa wazi. Watu wakasema, tazama moyo wa ndugu huyu, anamjengea dada yake pa kukaa akimngoja mwanawe.

Inspekta alishika ukuta. Alitaka kumwambia Koplo amchukue, ampakie garini, aende akajibu kituoni, mbali. Alitaka kumziba mama yake masikio.

Mama alikunja kanga yake vizuri magotini. Alimwinamia mdogo wake kama anayemwinamia mtoto aliyevunja chungu. Hakupaza sauti. Aliliuliza swali lake, lile la kila alasiri, na kwa mara ya kwanza hakumuuliza binti yake.

"Mwenzio yuko wapi?"

Injinia alifunika uso kwa mikono yenye saruji.

"Dada," alisema. "Inuka hapo ulipokaa."